'Familia yenye uwezo', lakini uwezo wa nini?

Sentensi ilikuwa fupi na niliipenda: "Watoto wa familia zenye uwezo hawapati udumavu." Niliiandika kwenye daftari nikiwa njiani kwenda Liparamba, wilayani Nyasa, kabla hata sijaiona kliniki ya watoto niliyokuwa naifuata.

Kisarufi haina kosa. "Zenye" inapatana na "familia", na neno "uwezo" limekaa mahali pake. Lakini jioni nilipomsomea shangazi yangu niliyefikia kwake, aliacha kupepeta mahindi akaniuliza swali moja tu: uwezo wa nini?

Nikajibu, wa fedha. Akacheka. Akaniambia kijijini hapo wapo wenye paa la bati na magunia ya mahindi ya kuwafikisha mavuno mengine, na watoto wao ni wafupi kuliko wenzao wa rika lao.

Nilitakiwa kulijua hilo kabla ya kuondoka ofisini. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kitaifa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Ruvuma ilikuwa karibu asilimia 36, Njombe asilimia 50 na Iringa ikakaribia 57. Hii ni mikoa tunayoisifia kila mwaka kwa kulisha nchi. Ukiiita mikoa isiyo na uwezo, wenyeji watakushangaa. Ukisema ina uwezo kisha ukanyamaza, umeficha nusu ya habari.

Familia yenye mahindi ina uwezo wa kushiba. Uwezo wa kumlisha mtoto wa miezi minane ni kitu kingine. Uji wa unga wa mahindi mtupu hujaza tumbo, lakini haumpi mtoto protini na madini ya kutosha kukua. Mayai yapo bandani, ila mengi huuzwa. Maharage yapo, ila yanapikwa mara moja jioni, na mtoto wa umri ule anahitaji kula kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku. Na mama anayelima tangu alfajiri hana muda. Anaweza kuwa na chakula, hata na fedha kidogo, akakosa mtu wa kumshikia jembe ili arudi kukoroga uji saa nne. Huo nao ni uwezo, ingawa sijawahi kuona fomu inayouuliza.

Tatizo ni kwamba neno lenyewe tunalitumia kwa mambo mengi. Mwalimu akisema "mwanafunzi mwenye uwezo", anamaanisha mtoto ana akili darasani, hata kama anakuja peku. Karani wa dirisha la malipo akisema "mzazi mwenye uwezo", anamaanisha alipe. Nyumba moja inaweza kuwa na mtoto mwenye uwezo na mzazi asiye na uwezo, na sentensi zote mbili zikawa sahihi.

Tena uwezo wa huku una msimu. Kwenye milima ya Mbinga, ambako Nyasa ilimegwa mwaka 2012, kaya ya mkulima wa kahawa huwa na fedha baada ya kuuza, katikati ya mwaka na kuendelea. Ifikapo Februari, mahindi mapya hayajakomaa, ya zamani yanaisha, na kaya ileile inakopa chumvi. Kule ufukweni mvuvi wa usipa anafuata giza la mwezi. Mbalamwezi ikitoka, taa za mitumbwi hazivuti samaki, na mfuko unalegea. Bima ya CHF iliyoboreshwa ilitoza Sh30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita kwa mwaka. Kwa mkulima huyo, kiasi hicho mwezi Septemba na kiasi hichohicho mwezi Februari ni fedha mbili tofauti.

Kinyume cha neno hili ndicho kinachonikera zaidi. "Wasiojiweza" tunawaita maskini, wazee, wagonjwa wa kitandani na watu wenye ulemavu, wote kwa mkupuo. Fundi cherehani anayetembelea magongo, analipa kodi ya fremu na ada ya wanawe, bado gazetini anaitwa asiyejiweza. Kijana mzima wa viungo aliyekosa nauli ya bodaboda kumfikisha mkewe hospitali usiku haitwi hivyo, ingawa usiku ule yeye ndiye hajiwezi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inasema watu wenye ulemavu, basi. Haisemi kama wana fedha au hawana.

Na neno hili linagharimu. Msamaha wa matibabu kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea umewekwa kwa wasio na uwezo, na mara nyingi anayethibitisha hilo ni uongozi wa kijiji. Bibi mwenye bati na mtoto anayefanya kazi Songea anaweza kuhesabiwa kuwa ana uwezo, hata kama mtoto huyo hajapiga simu tangu Pasaka.

Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini angalau hupeleka majina kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya watu wanaojua nani anapika mara moja kwa siku. Ugomvi hautakosekana, lakini swali la shangazi linaulizwa kwa sauti.

Kesho yake kliniki niliifuta sentensi yangu. Iliyobaki daftarini ni ndefu na mhariri ataipunguza: "Baadhi ya familia zenye chakula cha kutosha mwaka mzima, lakini ambazo mama hana wa kumsaidia msimu wa shamba, zina watoto waliodumaa." Nilipomsomea shangazi, aliuliza kwa nini sijamtaja baba.