Simu na Majamvi ya Karafuu

Hapana mkulima asiyejua faida ya simu ya mkononi wakati wa chumo. Kwa simu twawaita wachumaji, twaulizia bei, na habari za mvua kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutufikia hata huko kambini. Zamani mambo hayo yalitaka mtu atembee.

Lakini yako na madhara, na kubwa lao li katika kuanika. Karafuu mbichi zataka jua kali la siku nne au tano, na kilo tatu za mbichi hutoa kadiri ya kilo moja tu kavu. Sasa, habari ya simu husema juu ya kisiwa kizima, na wakati wa vuli mvua yaweza kunyesha Konde, na Chake Chake kukawa kukavu. Mwenye kuanika akisoma kwamba leo hapana mvua, huyaacha majamvi akenda zake. Wingu likija ghafla, nani wa kuanua? Karafuu zilizorowa zikirundikwa huvunda, zikanyauka na kupauka, mafuta yakapungua. Hizo hazipati bei ya daraja la kwanza. Wazee wetu waliweka mtu uwanjani mchana kutwa, na kazi hiyo simu haijaiondoa.

Tena wako wachumaji wanaojibu simu wakiwa juu ya mti. Tawi la mkarafuu huvunjika upesi, na mkono mmoja hautoshi kujishikilia. Anayechunga majamvi ndiye wa kukaa na simu. Walio juu na waziache chini, ndani ya pakacha.