Mjengo wa baharini: Biskuti ndogo inayookoa hoteli

Simama Liwatoni upepo wa Kilindini ukivuma, kisha lamba midomo. Chumvi! Hiyo hiyo ndiyo adui wa kila hoteli inayojengwa kando ya bahari hapa Mombasa.

Wazee wa Mji wa Kale walijenga kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Hoteli ya ghorofa ya leo inasimama kwa zege lenye vyuma ndani. Shida ni kwamba chumvi hupenya zege polepole hadi ikafikia chuma. Kikishika kutu, chuma hufura na kulipasua zege kutoka ndani. Mgeni ataona ufa mdogo tu chini ya roshani. Fundi anayejua kazi ataona hatari.

Ndiyo maana kuna "biskuti": vipande vya simiti vinavyowekwa chini ya vyuma kabla ya kumwaga zege, ili chuma kisilale kwenye mbao. Ndani ya jengo kavu, milimita 25 za zege kufunika chuma zaweza kutosha. Penye upepo wa bahari, wahandisi hutaka kama 50.

Mchanga wa ufuoni na maji ya bahari? Zii. Maji yakizidi, zege hubaki na vitundu. Likishamwagwa, limwagiliwe siku 7 angalau. Nguvu zake hupimwa siku ya 28.

Kwa hivyo wewe unayesaka kibarua cha mjengo, ukiambiwa "ruka biskuti, tumechelewa", kumbuka kuna mtu atalala chini ya slabu hiyo.