Mtengeneza Sinema na Hadhira Yake

Maji ya Ziwa Naivasha yalipoingia tena majumbani mwa watu wa mtaa wa Kihoto, katika kaunti ya Nakuru, mwaka 2025, hata mashua zikawa zapita palipokuwa njia za miguu, wapiga picha nao waliandama. Nami nilipoziona picha zile nilijiuliza zilipigwa kwa ajili ya macho ya nani, nikakumbuka Vugiri ya Tanganyika, mahali ambapo zamani filamu zilitengenezwa kwa kumwangalia mtazamaji.

Meja Notcutt na Bwana Latham, waliofanya kazi huko milima ya Usambara baina ya 1935 na 1937 kwa fedha za Shirika la Carnegie la New York, walitengeneza filamu 35, na ijapokuwa walikuwa watu wa dola iliyotutawala, wala hawakusalimika na kiburi chake, walikuwa na ada moja njema: sauti waliitia katika sahani za santuri, mbali na picha, hata filamu ile ile ikaweza kusemeshwa Kiswahili hapa na lugha nyingine kule, kisha wakapakia mashine katika lori wakazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, wakiangalia watu wanacheka wapi na wananyamaza wapi. Chukua ile ya Benki ya Akiba ya Posta: vibarua wawili wa shamba wapokea mshahara, mmoja auweka posta, wa pili aufukia ndani ya nyumba yake, na mwizi yuamwona. Funzo lenyewe lilikuwa la serikali, nami silisifu. Nasifu kwamba mtungaji alianza na jambo ambalo mtazamaji alilijua kwake.

Baadaye Idara ya Filamu za Makoloni, iliyoundwa London mwaka 1939, ikashika dhana ya William Sellers kwamba Mwafrika haelewi ila picha ya taratibu isiyokatwakatwa, na hapo kumjali mtazamaji kukageuka kumdharau. Aliyepata kuketi katika kibanda cha video, mfasiri DJ Afro akifasiri filamu za ngumi kwa Kiswahili cha mtaani, ajua dhana hiyo ni batili: watazamaji wa humo huitangulia picha.

Basi, kijana wa Nakuru uliyeshika kamera, filamu yako ya Kihoto ionyeshe kwanza Kihoto, kwa Kiswahili au kwa Kikuyu, mbele ya wale waliojitwika magodoro yao wakiyakimbia maji, kabla hujaipeleka kwenye matamasha ya Ulaya. Na wakikwambia mahali fulani umeongopa, pakate.