Mubashara kutoka Ronge: biashara iliyokulia matangani

Siku moja kabla ya mazishi, fundi wa mubashara anayeijua kazi yake hupanda Ronge Juu bila kamera. Hubeba simu mbili tu, kila moja na laini ya kampuni yake, akazunguka boma zima akipima mtandao: kaburini, hemani, nyuma ya jiko, hadi kwenye migomba ya jirani. Niliyefuatana naye mimi alisimama ghafla kando ya zizi la mbuzi. "Hapa," akasema, akaokota kijiti akakichomeka ardhini. Pale hemani laini zote mbili zilikuwa zinasuasua kwa sababu mgongo wa mlima umelikinga busta, yaani mnara wa simu. Kesho yake waya mrefu ulivutwa kutoka hemani hadi zizini, na jamaa walioko Doha na Dallas wakahudhuria mazishi kwa hisani ya mbuzi.

Jijini Nairobi, ukitaja hafla ya mtandaoni watu hufikiria kongamano la hotelini. Ronge, wadi ya Mwatate inayoanzia kwenye baridi ya Ronge Juu ikashuka hadi Ronge Nyika kwenye joto na tembo, wateja wa kwanza wa biashara hii ni wafiwa. Harusi, mahari na harambee za kanisa zilikuja baadaye.

Chimbuko lake linajulikana. Kisa cha kwanza cha korona Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na muda si mrefu mazishi yakawekewa ukomo wa watu 15. Mapema Aprili serikali ikafunga njia za kuingia na kutoka Nairobi, kisha Mombasa, Kwale na Kilifi, na zile za Nairobi na Mombasa zikakaa hivyo hadi Julai. Mdawida wa Ronge mwenye kazi Mombasa akawa hawezi kuvuka hadi Voi kumzika mamake. Simu ya mpwa iliyoegeshwa kwenye kiti cha plastiki ndiyo iliyokuwa kituo cha televisheni. Vizuizi vilipoondolewa, watu walirudi makaburini, lakini ile simu haikuondoka. Ikapata stendi yenye miguu mitatu, kisha mwenye kamera, kisha bei.

Na bei ndiyo penye kasoro. Familia hulipia kile inachokiona: idadi ya kamera, droni ikipaa juu ya mashamba, jina la marehemu likipita chini ya skrini kwa herufi za dhahabu. Gharama iko kwingine. Picha ya wastani hupakiwa kwa kasi ya megabiti 2 hivi kwa sekunde, nayo hula takriban megabaiti 900 kwa saa. Ibada ya Ronge haimalizwi kwa saa mbili. Weka tano, kuanzia mwili unapowasili hadi shada la mwisho, na tayari ni gigabaiti 4.5, bila kuhesabu laini ya akiba. Ndani ya kila bando mna ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, na VAT ya asilimia 16. Fundi anayekubali bei ya "kamera mbili na droni" bila kuuliza bando ni la nani hurudi Voi na hasara aliyoirekodi mwenyewe kwa picha safi kabisa.

Halafu kuna jambo ambalo wageni katika kazi hii hujifunza kwa aibu. Mtandao uliopimwa jana si mtandao wa leo. Boma lilikuwa na watu kumi; leo lina mamia, kila mmoja ana simu, nusu yao wanatuma picha za jeneza kwenye makundi ya WhatsApp. Wote wanagombania busta moja. Kasi iliyokuwa megabiti 6 jioni inashuka hadi 1 saa tano asubuhi, wakati mhubiri ndiyo kwanza amefungua Biblia. Wazoefu hawabishani na hilo. Hushusha ubora wa picha mapema, wakaacha nakala safi ikirekodiwa kwenye kadi, kwa sababu mtazamaji husamehe picha yenye ukungu lakini hasamehi picha iliyoganda.

Hasamehi sauti mbaya pia. Mimi ningeshauri familia yenye pesa ya kitu kimoja tu inunue sauti. Mazishi ya Kidawida ni maneno: wasifu wa marehemu, wajomba, kanisa, chama, shule aliyosoma, mwanasiasa aliyepita tu kusalimu. Kamera ikitegemea maiki yake yenyewe, mtu wa Dallas atasikia upepo, jogoo na kina mama wakiosha sufuria. Dawa yake ni rahisi: waya mmoja kutoka kwa mikisa ya mwenye spika hadi kwa mrushaji. Lakini mwenye spika na mrushaji hukodishwa na watu tofauti wa familia ileile, hukutana asubuhi hiyohiyo, na mara nyingi waya hautoshei. Sijawahi kuona mpwa akitumwa mjini kwa kasi kama anapotumwa kutafuta kichwa cha waya cha bei ndogo.

Faida kubwa, hata hivyo, haiko siku ya mazishi. Iko kwenye vikao vya jioni vya kamati ya mazishi, na hapa ndipo hafla ya mtandaoni inapofaulu au inapokufa. Kikao huanza saa mbili usiku, ambapo Dallas ni mchana na Dubai ni saa tatu. Akaunti ya bure ya Zoom hukata baada ya dakika 40. Nimewahi kuhudhuria kikao ambacho dakika 30 za kwanza zilikwisha kwa "mnanisikia?" na maombi ya kufungua, bajeti ikasomwa kwa dakika tisa, na linki ikakatika mweka hazina akitaja bei ya ng'ombe. Tulirudi kupitia linki mpya, lakini si sote. Wawili wa Ulaya, waliokuwa wameahidi hema na viti, hawakurudi. Tangu hapo kamati ile inatumia kanuni moja: bajeti inatumwa kwenye kundi mchana, kikao kinaanza na ahadi za michango, salamu zinafuata.

Mchango wenyewe huingia kwa M-Pesa, huduma iliyoanza Machi 2007. Mweka hazina makini huangalia salio lake mapema, maana tangu Agosti 2023 akaunti ya mtu binafsi haishiki zaidi ya shilingi 500,000, na muamala mmoja hauzidi 250,000. Bili ya hospitali ikiwa kubwa, simu ya mweka hazina hujaa kabla ya harambee kwisha na pesa za watu zinaanza kurudi zilikotoka. Ndiyo maana familia nyingine hufungua harambee kwenye M-Changa, iliyoanzishwa 2012, ambako kila mchangaji huona jumla ikipanda. Pesa za ughaibuni si chenji: Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9 mwaka 2024. Anayetuma anataka kuona hema alilolilipia.

Lakini siku ya mazishi saa hazimpendelei. Ibada ya saa nne asubuhi Ronge ni saa nane usiku Texas. Kwa hiyo wengi hutazama baadaye, na rekodi iliyobaki ndiyo bidhaa halisi. Hapo huzuka msiba mdogo wa pili: nyimbo za injili zilizopigwa kutoka kwenye simu ya MC. YouTube na Facebook huzitambua, zikaizima sauti au zikaifuta video. Kwaya ikiimba yenyewe, hatari hupungua sana, na mwimbaji wa Ronge haombi bando.

Familia nazo zimeanza kuuliza ni nani atakayeona. Linki ya wazi humleta hata asiyealikwa, na kamera iliyomkazia mjane usoni dakika tatu haitamwachia. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, ila matangani anayesikilizwa ni shangazi anayesimama mbele ya kamera na kusema, "Mwanangu, hapo zima."

Starlink iliingia Kenya Julai 2023, na mwaka uliofuata ikaleta bando la gigabaiti 50 kwa shilingi 1,300. Sahani yake haijali mgongo wa mlima, inachodai ni anga wazi na umeme. Anga Ronge ipo, ukiepuka miti. Stima ndiyo hukatika mvua ikigusa waya, kwa hiyo jenereta inabaki kwenye orodha, na petroli yake, na mtu wa kuisogeza mbali na maiki.

Siku ile ya zizi, watu walipokwisha kula na viti kurundikwa kwenye kanta, fundi alibaki ameketi karibu na mbuzi, akisubiri nakala safi ipande. Mabusta yalikuwa yamepumua, boma limebaki na watu wachache. Mzee mmoja alimletea chai na muhogo, akamwuliza kama wale wa Marekani walikuwa wameona kaburi.

"Wanaamka sasa, mzee," akajibu, na macho yake kwenye asilimia. Ilikuwa 61.