Kijani cha Wajapani, jiwe la kwetu Lualaba

Kijana wa Kisenge anayesoma sanaa, ukimwambia habari ya kwenda kusomea uchoraji wa zamani wa Japani, atauliza: kule nitajifunza nini kinachonihusu? Jibu ni fupi: atajifunza jiwe la kwetu.

Uchoraji huo unaitwa nihonga, ni kusema picha za Kijapani. Jina lilienea miaka ya 1880, ili kuutofautisha na rangi za mafuta za Wazungu. Unafundishwa mpaka leo Tokyo, na Kyoto katika chuo kilichoanza 1880.

Rangi zake nyingi zinatoka katika mawe. Kijani ni malakiti, bluu ni azuriti. Yote mawili ni mawe ya shaba. Malakiti tunaijua: ndiyo ile yenye mistari, inayochongwa shanga na kuuziwa wageni.

Jiwe linasagwa, linachungwa, linaoshwa kwa mayi. Punje nzito zinazama kwanza, nyepesi zinafuata, na kila aina inawekwa peke yake. Siri iko hapo: punje kubwa zinatoa kijani kizito, ukisaga zaidi, kijani kinafifia mpaka kukaribia weupe. Jiwe moja, rangi nyingi, bila kuchanganya kitu.

Lakini unga haushiki karatasi peke yake. Mwanafunzi anayeyusha kole ya ngozi au mifupa ya nyama katika mayi ya moto yasiyochemka, halafu anakoroga na unga kwa kidole ndani ya kisahani cheupe. Kole ikipungua, rangi inadondoka. Ikizidi, picha inapasuka.

Na manganizi ya Kisenge? Nayo ni rangi: weusi wa manganizi uko katika michoro ya kale sana ya pango la Lascaux, Ufaransa.

Ila msikimbilie kinu. Vumbi la malakiti ni baya kwa mapafu, la manganizi linaharibu ubongo. Tena si kila jiwe la kijani ni malakiti: Musonoi, karibu na Kolwezi, kuna mawe ya kijani yenye uraniamu. Kwanza onyesha jiwe kwa mtu wa jiolojia.

Njia ya kwenda ipo. Serikali ya Japani inatoa bursi kupitia ubalozi wake Kinshasa: masomo, tiketi ya ndege na posho ya kila mwezi. Kwa bursi ya utafiti unatakiwa diploma ya chuo kikuu na umri chini ya miaka 35. Kuomba hakulipiwi, anayekudai makuta ili akuandikishe, mkimbie. Anayetaka msingi karibu, Akademi ya Sanaa ya Lubumbashi inafundisha tangu 1951.

Juu ya nini tunasema haya? Mawe yetu yanaondoka kwa tani. Kule, rangi ya jiwe inauzwa kwa gramu. Tofauti ni kazi ya mikono, na kazi hiyo inafundishika.