Nyigu kutoka Hawaii na embe la Tassia

Jumamosi moja mtaani Tassia nilinunua embe mkokotenini, zuri la kutamanisha. Nilipolikata nyumbani, watoto wakiwa wameshakaa mkao wa kula, funza weupe walikuwa wakirukaruka ndani. Kitindamimba akaangua kilio. Sikurudi kumgombeza mchuuzi, kwani kosa halikuwa lake.

Ndugu msomaji, nzi jike hutoboa ganda la embe likiwa lingali mtini, akataga mayai ndani. Mkulima huenda asione lolote. Nzi hatari zaidi ni yule ambaye wataalamu humwita Bactrocera dorsalis. Asili yake ni Asia, na alitambuliwa hapa Kenya mwaka wa 2003, kisha akaonekana katika nchi nyingi za Afrika.

Kumnyunyizia dawa hakusaidii sana. Funza wamo ndani ya tunda, sumu haiwafikii, bali hubaki kwenye ganda ambalo sisi wa Tassia tunaliosha kwa maji ya mtungi, tena kwa kubania.

Ndipo watafiti wa icipe, kituo cha wadudu kilichoko Kasarani ambacho marehemu Prof Thomas Odhiambo alianzisha 1970, wakatafuta njia nyingine. Mitego yenye harufu inayowavuta madume huwanasa kabla hawajapanda majike. Majike nao huhitaji protini ili watage, kwa hivyo huwekewa chambo cha chakula chenye dawa kidogo, pasipo kulowesha mti mzima.

Lililonishangaza mimi ni la nyigu. Kutoka Hawaii, kwa ushirikiano na wanasayansi wa huko, aliletwa nyigu mdogo aitwaye Fopius arisanus. Hutaga yai lake ndani ya yai la nzi, na mtoto wa nyigu humla mtoto wa nzi. Maembe yaliyoanguka hutiwa kwenye hema lenye wavu wa matundu madogo sana: nyigu hupenya akarudi shambani, nzi hubaki humo akafa.

Kazi hii inataka watu waliosoma. Tangu 1983 icipe imekuwa na mpango ambapo vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika hufanya utafiti wa uzamifu hapo, huku wakiwa wamesajiliwa katika vyuo vikuu. Wazazi wa Eastlands wanaodhani kwamba mtoto akipenda baiolojia lazima awe daktari wa hospitali, wafike Kasarani.

Hasara yenyewe si ya mzaha. Mwaka wa 2014 Kenya ilijizuia kuuza maembe Ulaya kwa sababu ya nzi huyu, na soko hilo likafunguliwa tena 2021 pekee. Muda wote huo mkulima wa Makueni aliuza alikoweza. Na hata leo, mkulima mmoja akitega na jirani yake akaacha matunda yakioza chini, ni kazi bure. Nzi hajui ua.

Nami nakiri kwamba lile embe nililitupa kwenye jaa lililo nyuma ya ploti, funza wakiwa hai. Funza hao hujichimbia udongoni na kutoka wakiwa nzi. Siku hizi nayamwagia maji yanayochemka kwanza, na kitindamimba ndiye msimamizi.