John Gurdon

John Bertrand Gurdon (2 Oktoba 1933 – 7 Oktoba 2025) alikuwa mwanabiolojia wa Uingereza aliyechunguza jinsi viumbe wanavyokua kutoka yai moja. Anajulikana hasa kwa kuonyesha kwamba kiini cha seli iliyokwisha kukomaa kinaweza kurudishwa katika hali ya mwanzo. Mwaka 2012 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Shinya Yamanaka wa Japani.

Maisha ya awali

Gurdon alisoma katika shule ya Eton. Mwaka 1949 alikuwa wa mwisho kati ya wavulana 250 katika biolojia, na mwalimu aliandika katika ripoti kwamba nia yake ya kuwa mwanasayansi ilikuwa ya kuchekesha. Aliondolewa katika masomo ya sayansi, akapelekwa kusoma Kigiriki cha kale na Kilatini. Hata hivyo, alipofika Chuo Kikuu cha Oxford alihamia zoolojia, na baadaye akafanya utafiti wa shahada ya uzamivu chini ya Michail Fischberg.

Swali lililokuwepo

Mwili mzima hutokana na yai moja lililorutubishwa, lakini seli zake hugawana kazi: nyingine huwa za ngozi, nyingine za neva, nyingine za utumbo. Je, seli ya utumbo bado ina jeni za kutengeneza moyo au jicho, au imezipoteza?

Mwaka 1952 Robert Briggs na Thomas King wa Marekani walifaulu kupandikiza viini vya seli za viinitete katika mayai ya chura yaliyoondolewa viini vyake. Viini vya viinitete vichanga vilitoa viluwiluwi, lakini vile vya viinitete vilivyokua zaidi mara nyingi vilishindwa. Ilionekana kwamba seli ikikomaa, njia ya kurudi nyuma hufungwa.

Majaribio ya Oxford

Gurdon alitumia chura mwenye kucha wa Kusini mwa Afrika, Xenopus laevis. Chura huyo alikuwa tayari anafugwa katika maabara nyingi kwa ajili ya vipimo vya ujauzito, na akidungwa homoni hutaga mayai wakati wowote wa mwaka.

Gurdon aliharibu kiini cha yai kwa miale ya urujuanimno, kisha akaingiza kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi aliyekwisha kuanza kula. Mwaka 1962 alitangaza kwamba kati ya viini 726 vilivyopandikizwa, 10 vilitoa viluwiluwi kamili. Idadi ilikuwa ndogo, lakini hata kiluwiluwi mmoja alitosha kuonyesha kwamba jeni zote bado zipo.

Ilibidi pia kuthibitisha kwamba viluwiluwi hao hawakutokana na kiini cha yai kilichosalia. Kwa hiyo viini vilichukuliwa kwa vyura wa aina ya pekee, ambao viini vyao vina nukleoli moja badala ya mbili. Alama hiyo ilionekana katika seli za viluwiluwi waliozaliwa. Mwaka 1966 Gurdon na mwenzake walionyesha kwamba baadhi ya vyura wa namna hiyo walikua na kuweza kuzaa.

Wanasayansi wengine waliendelea kuwa na shaka, kwa kuwa majaribio mengi yalishindwa na seli zilitoka kwa viluwiluwi, si kwa vyura wazima. Viini vya ngozi ya vyura wazima, vilivyojaribiwa baadaye, vilifika hatua ya kiluwiluwi tu.

Umuhimu

Mwaka 1996 kondoo Dolly alizaliwa huko Uskoti kutokana na kiini cha seli ya kiwele cha kondoo mzima. Mwaka 2006 Yamanaka aligeuza seli za ngozi ya panya kuwa seli shina kwa kuziongezea jeni nne, bila kutumia yai. Mwaka 2007 hilo lilifanyika kwa seli za binadamu. Leo seli za namna hiyo hutumika kuchunguza magonjwa na kupima dawa, na zinaweza kutengenezwa kutoka kwa mgonjwa mwenyewe bila kuhitaji kiinitete.

Heshima

Gurdon alihamia Cambridge miaka ya 1970, na mwaka 1989 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa taasisi ya utafiti ambayo sasa ina jina lake. Mwaka 1995 alipewa cheo cha Sir. Aliendelea na kazi ya maabara hata uzeeni, akitafuta sababu inayofanya viini vingi vikatae kurudi nyuma. Ripoti ya mwaka 1949 aliitia katika fremu na kuiweka ofisini kwake.